Omakase kwa Mara ya Kwanza: Useme Nini, na Useme Lini

SWALI: Mimi na mke wangu ni wenyeji wa Tanga. Mwezi wa kumi nina mkutano wa kikazi Tokyo na mke wangu atanifuata. Nimeweka akiba ili tule angalau mara moja kwenye mgahawa wa sushi wa hali ya juu pale Ginza, ile wanayoiita omakase, ambapo mpishi ndiye anayeamua mle nini. Lakini nina wasiwasi. Mke wangu hajawahi kula samaki mbichi. Sisi ni Waislamu, hatunywi pombe. Bei ninazoziona mtandaoni zinatisha, na sielewi wali na samaki vinafikaje kiasi hicho. Je, tutajua la kufanya, au tutaaibika? Na ule mgahawa alioenda Obama, tunaweza kupata nafasi?

JIBU: Ndugu yangu, wasiwasi wa kuaibika uweke pembeni. Kazi yangu hapa Tokyo ni kuwatafutia wageni nafasi migahawani, na kwa ninavyoona, wanaoharibu mlo wa omakase si wale wasiojua kushika vijiti. Ni wale wanaokaa kimya siku ya kuweka nafasi, halafu wakishaketi ndipo midomo inafunguka: huyu hali pweza, yule kamba humwasha mwili, mama hali kibichi chochote. Wakati huo mpishi ameshanunua, ameshatia chumvi, ameshapika wali wa watu wanane. Hana kingine cha kuwapa. Ukimwachia mtu akuchagulie chakula, la kusema liseme mapema. Na ukilisema mapema utashangaa watakavyolichukulia kwa uzito.

Nianze na bei. Chakula cha mchana kwenye mgahawa mzuri wa Ginza mara nyingi ni kati ya yeni 10,000 na 20,000 kwa mtu. Usiku, kwa wapishi wenye majina, ni yeni 30,000 kwenda juu, na yeni 50,000 haimshtui mtu. Angalia kama bei uliyoiona imejumuisha kodi ya asilimia 10, na kwingine kuna ada ya huduma juu yake. Bakshishi haipo Japani. Ukiacha hela kwenye kaunta, mtu atatoka nje kukurudishia.

Pesa hiyo inakwenda wapi? Kwanza kwenye viti. Kaunta ni ya watu wanane au kumi, pengine kwa awamu mbili kwa usiku mmoja, na kodi ya jengo ni ya Ginza. Pili, samaki. Soko lao ni Toyosu, lililochukua nafasi ya Tsukiji Oktoba 2018. Mpishi kwa kawaida hanunui mnadani mwenyewe. Ana wachuuzi wake wa miaka mingi, kila mmoja na fani yake: huyu anauza jodari tu, yule kamba, mwingine chaza na kome. Mchuuzi akimpata jodari mzuri anajua ni mteja gani atampenda, na uhusiano huo mpishi mpya haununui kwa siku moja. Huenda umesikia habari ya jodari wa kilo 278 kutoka Oma, kaskazini mwa Japani, aliyeuzwa yeni milioni 333.6 kwenye mnada wa kwanza wa mwaka 2019. Usiitumie bei ile kupimia. Aliyemnunua, Kiyoshi Kimura, ana migahawa mingi ya sushi ya bei nafuu, na alijua picha yake itazunguka dunia nzima. Sehemu kubwa ya pesa ile ilikuwa ya matangazo. Hata hivyo jodari wao, yule mkubwa mwenye nyama nyekundu iliyokolea na tumbo la mafuta, si huyu wetu wa mapezi ya njano, na bei yake ya kila siku haina utani.

Lakini ukiniuliza mimi, unacholipia zaidi ni kazi iliyofanyika kabla hujafika. Chukua kohada, samaki mdogo wa rangi ya fedha mwenye miiba mingi, wa ukoo mmoja na dagaa papa. Mpishi anampasua, anamtoa miiba, anamlaza kwenye chumvi. Muda wa chumvi hausomwi kwenye saa peke yake: mwenye mafuta anataka zaidi, mdogo anataka kidogo, na siku ya joto si sawa na siku ya baridi. Akishaoshwa anaingia kwenye siki, anatolewa, anapumzishwa siku moja au zaidi mpaka chumvi na siki vienee sawasawa. Wewe kipande hicho utakimaliza kwa sekunde chache. Wajapani waliozoea kaunta humpima mpishi kwa kohada kabla ya kumpima kwa jodari, na mimi niko upande wao. Jodari mzuri anapatikana kwa mwenye pesa. Kohada mzuri anapatikana kwa mwenye mkono.

Hapo ndipo linapoingia suala la mkeo. Sushi ya Tokyo, inayoitwa Edomae kutokana na jina la zamani la mji huo, ilienea kama chakula cha vibandani kwenye miaka ya 1820, na anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wake ni Hanaya Yohei. Hapakuwa na majokofu. Sisi wa pwani kwa shida hiyo hiyo tuligeukia chumvi na jua tukapata ng'onda. Wao waligeukia chumvi, siki, mchuzi wa soya na moto wa taratibu. Ndiyo maana kwenye kaunta ya aina hii si kila kitu ni kibichi. Kamba mara nyingi amechemshwa. Anago, mkunga wa baharini, amepikwa mpaka analainika na kupakwa mchuzi mzito mtamu. Pweza amekandwa kwa mikono muda mrefu kisha akapikwa. Mwishoni kuna yai, tamu kidogo, limechomwa vizuri. Kohada na kibua wamepita kwenye chumvi na siki. Ila nisikudanganye: jodari, ngisi, samaki bapa kama gayogayo, na uni (ile sehemu ya ndani ya mnyama mwenye miiba anayewachoma watu miguu ufukweni) vitakuja vibichi, tena ndivyo vingi.

Kuhusu usalama, adui anayetajwa zaidi ni anisakisi, mnyoo mdogo mweupe anayekaa ndani ya samaki kama kibua. Siki haimuui. Anakufa akipikwa, au samaki akigandishwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24, na mpishi makini humtafuta kwa macho na kisu. Kwenye kaunta za daraja hili mimi nakula bila hofu. Kama mkeo ni mjamzito, na si lazima uniambie, hapo ushauri unageuka: aachane na vibichi, na jodari wakubwa wana zebaki kiasi kwamba wizara ya afya ya Japani yenyewe huwaambia wajawazito wapunguze.

Sasa kabla hujalipia chochote, mpe samaki mbichi mara moja akiwa bado nyumbani. Dar es Salaam kuna migahawa ya Kijapani. Mtakachokuta huko pengine ni samoni na parachichi, ambavyo kaunta nyingi za Edomae hazina. Samoni mbichi aliingia kwenye sushi kwa juhudi za Wanorwei waliokuwa wakitafuta soko Japani miaka ya 1980. Lakini kwa kupima ulimi inatosha. Akila akataka tena, wekeni nafasi. Akila kwa kukuridhisha wewe, utaliona usoni, na hapo tafadhali usimpeleke akakae saa mbili mbele ya mpishi anayemtazama kila anapotafuna.

Mkifika hapo msione mmekosa. Tempura nayo ina kaunta zake za omakase hapo hapo Ginza: mpishi mbele yenu, kamba, samaki na mboga vinatoka kwenye mafuta kimoja kimoja na kuwekwa kwenye sahani yako vikiwa bado vinalia. Kila kitu kimepikwa, na unaweza kulia chumvi badala ya mchuzi. Kama ningekuwa nawapangia mimi, ningekuwekea wewe sushi mchana, peke yako, siku mojawapo ya mkutano; kiti kimoja hupatikana kirahisi kuliko viwili, na mtu anayekula peke yake kaunta hashangaliwi na yeyote. Usiku mngekwenda wote tempura. Mngetumia pesa kidogo na kufurahi zaidi. Lakini nyumba ni yenu.

Kuhusu pombe tutenganishe mambo mawili. La kunywa ni jepesi: kuna chai ya kijani, mara nyingi bure, na hakuna atakayewalazimisha sake, pombe yao ya mchele. Maji ya chupa yanaweza kutozwa, basi. La kula ndilo zito, na waongoza wageni wengi hulifunika kwa tabasamu. Mpishi wa sushi hupaka kila kipande soya iliyochemshwa pamoja na sake au mirin, ambayo ni pombe tamu ya wali ya kupikia. Mchuzi mzito wa anago una mirin. Yai mara nyingi lina mirin au sake. Abaloni, aina ya konokono wa baharini, huchemshwa kwa mvuke pamoja na sake. Soya yenyewe, ikichachuka, hujitengenezea kilevi kidogo sana. Na wali wenye rangi ya kahawia utakaouona kwenye baadhi ya kaunta umetiwa siki nyekundu, inayotengenezwa kwa machicha ya sake. Wanazuoni wana maneno yao juu ya kilevi kilichogeuka siki, na juu ya kugeuka chenyewe na kugeuzwa. Hilo mpelekee shehe wako hapo Tanga. Mimi kazi yangu ni kukwambia kilichomo.

Ukishajua msimamo wenu, ndipo unaandika. Mgahawa mmoja utakubali kuwapakia soya tupu au chumvi na ndimu na kuwarukisha anago na yai. Mwingine utajibu kwa adabu kubwa kwamba hawawezi. Jibu hilo usilione kama dharau: kwa mpishi wa namna hiyo soya yake ndiyo sahihi yake, na anaona afadhali akukose kuliko akupe nusu ya kazi yake. Jaribu mwingine.

Nafasi zinawekwa mtandaoni kwa kadi, au kupitia watu wa mapokezi wa hoteli yenu kama ni hoteli ya kiwango. Migahawa mingi hufungua tarehe mwezi mmoja au miwili kabla. Epuka Jumapili, sikukuu na baadhi ya Jumatano, kwa kuwa siku hizo Toyosu imefungwa na wapishi wengi hufunga pia. Soma masharti ya kughairi. Ukighairi siku mbili tatu kabla unaweza kukatwa bei yote, na hawatanii. Kwenye nafasi ya maelezo andika kwa Kiingereza chepesi, sentensi fupi fupi: tuko wawili, hatunywi pombe, tutakunywa chai, tunaomba kujua kama mnaweza kutumia chumvi au soya isiyo na sake wala mirin, mmoja wetu hana mazoea na samaki mbichi lakini atakula, hatuna mzio wowote. Kama mzio upo, uandike hata kama ni wa kitu unachodhani hakitakuwepo. Na uliza kama wanapokea kadi, kwani wachache bado wanataka taslimu.

Mwezi wa kumi umechagua vizuri. Ni majira ya mayai mapya ya samoni, vibua wanaanza kunenepa, na katsuo, wa jamii ya sehewa, anarudi kutoka maji ya kaskazini akiwa na mafuta.

Wa Obama nikujibu kwa kifupi. Ni Sukiyabashi Jiro, chini ya ardhi karibu na kituo cha Ginza, na aliyempeleka ni waziri mkuu Shinzo Abe, Aprili 2014. Mzee mwenyewe, Jiro Ono, alizaliwa 1925. Mwaka 2019 waandaaji wa Michelin, kitabu maarufu cha kupanga migahawa bora kwa nyota, waliuondoa mgahawa huo, si kwa ubaya wa chakula bali kwa sababu mtu wa kawaida hawezi kuweka nafasi. Lazima apitie hoteli kubwa au mtu anayejulikana. Tena pale chakula ni cha haraka, vipande karibu ishirini kwa kama nusu saa, jambo ambalo kwa mgeni wa mara ya kwanza si raha. Siwashauri. Mpishi aliyeanza duka lake juzi, mwenye hamu ya kueleza anachofanya, atawafaa kuliko jina kubwa.

Siku yenyewe, fikeni kwa wakati. Wote huanza pamoja, saa kumi na mbili jioni ni saa kumi na mbili, na ukichelewa unawachelewesha wageni wengine au unakuta vipande vya kwanza vimekupita. Migahawa mingi ya Ginza iko ghorofani au chini ya ardhi, kibao chake kidogo na kwa Kijapani tupu, kwa hiyo jipeni dakika ishirini za kutafuta mlango. Mkiupata mapema msiingie, zungukeni kidogo.

Na hili nalisema kwa mapenzi, maana nawajua watu wa pwani: udi. Chumba ni kidogo na harufu ni sehemu ya chakula. Marashi ya siku hiyo yaacheni hotelini, na nguo mtakazovaa zisifukizwe, hata kabla ya kuingia kwenye sanduku, kwa sababu udi mzuri unasafiri. Bangili na saa nzito pia zivueni. Kaunta ni ubao mmoja wa mti wa hinoki, laini, haujapakwa rangi, na mkwaruzo wake haufutiki. Simu iwe mapajani. Picha ya chakula ombeni kwanza, piga moja, basi. Mpishi na wageni wengine msiwapige.

Kula kwa mkono kunaruhusiwa kabisa, na mtawekewa kitambaa chenye unyevu cha kufutia vidole. Hapo nyinyi mmewatangulia Wazungu. Mpishi akiweka kipande mbele yako, kitazame kwanza: kama kimefinyangwa vizuri utaona kinazama kidogo, kwa kiasi cha jicho makini kuona, kwa sababu ndani ya wali mna hewa na samaki anaukalia. Wali una joto la mwili, samaki ana ubaridi wake, wasabi, kiungo kikali cha kijani, imekunwa sasa hivi na harufu yake haikai dakika nyingi. Basi ukile chote kwa mara moja. Usikichovye kwenye soya, ameshakipaka. Kikitaka kuchovywa atakwambia. Usimvue samaki juu ya wali. Tangawizi ya siki ni ya kusafishia kinywa kati ya kipande na kipande, haipandishwi juu ya samaki. Akikupa kitu kilichozungushiwa mwani mkononi, usikiweke chini, mwani unalegea upesi.

Kuna maombi ambayo hata ukiwa umeketi hayamsumbui mpishi. Mkeo akiona anashiba, aseme "shari sukuname", wali kidogo, na vipande vinavyofuata vitakuja vidogo. Kipande kikiwa kikubwa mdomoni, aombe kikatwe viwili. Mpishi muiteni "taisho", yaani mkuu wa duka, atafurahi. Maneno ya kiduka ambayo watalii wanafundishana mtandaoni, kama kuita chai "agari" au bili "oaiso", yaacheni. Hayo ni ya wanaofanya kazi upande wa pili wa kaunta, na mgeni akiyasema anaonekana anajitia.

Baada ya yai na supu ya miso (soya iliyochachushwa), mpishi atauliza kama kuna mnachotaka kuongeza. Hapo wengi huponzwa. Swali ni la ukarimu lakini kinachoongezwa kinalipiwa, bei haiandikwi popote, na vipande vichache vya tumbo la jodari na uni vinaweza kuipandisha bili yenu kwa maelfu ya yeni. Kama kuna kipande kilichokugusa usiku huo, omba hicho kimoja, na ungeomba kohada ungemfurahisha mno. Kama mmeshiba, sema mmeshiba. Bili mara nyingi ni kikaratasi chenye jumla tu, bila mchanganuo. Lipa, sema "gochisosama deshita", yaani asante kwa chakula, na msiketi kupiga soga, kwani kundi la saa mbili na nusu liko mlangoni. Kahawa mtaipata kwingine, Ginza haikosi.